Kijana Mseja Anapohamia Njombe

Kijana anayeondoka Dar es Salaam kwenda kuanza kazi Njombe huambiwa ajiandae kwa baridi. Ni kweli, lakini upweke humwelemea zaidi. Tangu mkoa huo uanzishwe mwaka 2012, vijana walimu, wauguzi na maofisa kilimo wamekuwa wakipangiwa vituo huko. Kodi ya chumba ni nafuu, viazi na maparachichi tele, foleni za magari hazimli muda. Jioni, hata hivyo, mwenzake ni simu, na majirani humuuliza ataoa au kuolewa lini. Mwajiri anayempokea amtafutie mwenyeji, si meza ya kazi pekee. Naye kijana ajiunge na kwaya, timu ya mpira au kikoba. Mji hauzoeleki kwa kujifungia chumbani.