Utamu wa kuanguka: siri ya mchezo wa video wa skeitibodi

Mji wa Firq uko kilomita chache kusini mwa Nizwa, katika eneo la Ad Dakhiliyah nchini Oman. Katika baadhi ya nyumba za eneo hilo Kiswahili kingali kikisikika, kwani familia nyingi za Kiomani zilizoishi Zanzibar na katika mwambao wa Afrika Mashariki zilirejea huko baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970.

Ifikapo miezi ya joto, hali ya hewa hupita nyuzi 40, na mchana watoto hawana budi kukaa ndani. Ndipo kijana huketi mbele ya televisheni, akiwa na kidude chenye vibonyezo mkononi, akimrusha juu ya kuta na ngazi mtu wa kwenye kioo aliyesimama juu ya ubao wenye magurudumu manne. Kijana mwenyewe huenda hajawahi kuukanyaga ubao wa namna hiyo. Bibi yake, aliyekulia Ng'ambo ya mjini Unguja, humtazama na kumwuliza: "Mjukuu wangu, unapata nini humo?"

Swali hilo ni la haki. Wazazi wengi huuona mchezo wa video kuwa mwizi wa wakati, na iko michezo inayostahili shutuma hiyo. Lakini mwenye kutaka kuhukumu yampasa kwanza aelewe raha yenyewe hutoka wapi.

Mwaka 1999 kampuni ya Activision ilitoa mchezo uitwao Tony Hawk's Pro Skater, uliotengenezwa na studio ya Neversoft. Mwaka huo huo, mwezi Juni, Tony Hawk mwenyewe, bingwa wa Marekani, alizunguka hewani mara mbili na nusu juu ya ubao wake mbele ya hadhara mjini San Francisco. Alifaulu baada ya kuanguka mara nyingi usiku ule ule, na baada ya miaka ya kujaribu na kuumia. Skeitibodi ya kweli ndivyo ilivyo: mwalimu wake ni sakafu, na ada yake ni magoti na mifupa.

Watengenezaji wa mchezo waliiondoa ada hiyo. Mtu wa kwenye kioo huanguka vibaya, kisha kufumba na kufumbua yuko wima tena. Hapana kusubiri, hapana kuanza mbali. Kijana huweza kujaribu jambo moja mara hamsini kabla chai haijapoa.

Lakini lau kuanguka kungekuwa hakuna uzito wowote, kusimama nako kusingekuwa na ladha. Hapo ndipo penye ufundi wa mchezo huu. Kila dakika mbili za mzunguko, mchezaji huunganisha madoido: anaruka, anauzungusha ubao, anateleza juu ya chuma cha ngazi. Alama hukusanyika, lakini bado si zake. Huwa zake pale tu magurudumu yanapotua salama. Akianguka kabla ya hapo, mlolongo wote unapotea. Toleo la mwaka 2000 liliongeza njia ya kwenda kwa magurudumu mawili ili kuunganisha doido moja na jingine ardhini, na mlolongo ukawa mrefu zaidi. Tena, anayerudia doido lile lile hupewa alama pungufu, hivyo mvivu hawezi kutajirika.

Kwa hiyo kila nukta mchezaji anajiuliza: nitue sasa na kidogo nilicho nacho, au niongeze moja? Mchezo umeondoa maumivu ya kuanguka, ukabakiza hasara yake. Raha yote imejengwa juu ya hesabu hiyo.

Bibi wa Unguja hesabu hiyo anaijua. Katika bao, kete hutawanywa shimo hadi shimo, na mkono ukiishia penye kete, mchezaji huzichota na kuendelea, mpaka kete ya mwisho ianguke katika shimo tupu. Hapo huambiwa amelala, na zamu huhama. Watazamaji barazani hushusha pumzi pamoja naye. Oman nako kuna mchezo wa ukoo huo, hawalis, wenye safu nne za mashimo saba saba. Mjukuu akimwambia, "Bibi, bado sijalala," ataeleweka mara moja.

Utamu wa pili uko machoni. Wakati wa ukame wa 1976 na 1977 huko California, vijana waliingia katika mabwawa ya kuogelea yaliyokauka na kuteleza juu ya kuta zake. Shimo lisilo na faida likawa uwanja. Mchezo wa video hufundisha jicho hilo hilo: ngazi si ngazi tena, ni njia, ukingo wa ukuta ni swali linalosubiri jibu.

Utamu wa tatu uko vidoleni. Mwaka 2007 ulitoka mchezo mwingine, Skate, ambamo badala ya kubonyeza tu, mchezaji huvuta chini kijiti kidogo kwa kidole gumba na kukisukuma juu, kama mguu unavyoukandamiza ubao na kuuachia. Mwanzoni kidole ni kizito. Baada ya siku kadhaa kinakwenda chenyewe, na mwenye nacho hawezi kueleza kilijifunza lini.

Hata hivyo, kioo si uwanja. Vijana wa Kitintale, mjini Kampala, walijijengea uwanja wao wa skeitibodi kwa saruji na mikono yao katika miaka ya 2000. Wanachokijua wao kuhusu woga, kovu na mkono wa rafiki anayekuinua, hakuna kidude kitakachomfundisha mtoto wa Firq. Mchezo wa video humpa mtu subira ya kujaribu. Ujasiri wa mwili haumpi.

Basi mzazi asiulize tu mtoto amecheza saa ngapi. Amwulize pia: leo umeweza nini ambacho jana kilikushinda? Mtoto akiwa na jibu, na akalieleza kwa furaha, wakati haukuibiwa wote. Akiwa hana jibu siku baada ya siku, imefika zamu ya kuzima televisheni. Na kwa kuwa mzunguko mmoja ni dakika mbili tu, kumwambia amalize huo kisha aondoke si kumwonea.