Riwaya Isiyo na Mtihani

Msikilizaji, leo sina neno kuhusu bei ya mbuzi wala ahadi za barabara. Nimekuja na riwaya, na naanza na lawama ndogo: hapa Isiolo, mtu mzima akionekana ameshika kitabu cha hadithi, huulizwa anafanya mtihani lini. Wengine humpa na pole.

Sishangai sana. Wengi wetu tulikutana na riwaya ikiitwa setibuku. Tulifundishwa kuisoma huku tukiogopa swali: eleza muktadha wa dondoo hili, taja tamathali mbili zilizotumika, jadili sifa nne za mhusika. Aliyebanwa na wakati alinunua mwongozo, akasoma muhtasari wa kila sura, akapita mtihani wa Utengano bila kumfahamu Maimuna zaidi ya jina na zile sifa zake nne. Matokeo yakitoka, kitabu kinauzwa kwa mwanafunzi wa kidato kinachofuata, na mtu hagusi riwaya tena mpaka mwanawe afike sekondari na kuhitaji ya kwake.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ya leo hayana mtihani. Wala sikupangii vitabu kwa ukubwa wa sifa zake, maana kitabu kikubwa mikononi mwa msomaji asiye wake ni njia ya haraka ya kumfukuza.

Tuanze na yule anayeapa kwamba kusoma kunamletea usingizi. Huyo mpe upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na hadi leo sijaona mlango mzuri kuliko huo wa kuingilia riwaya ya Kiswahili. Maiti inakutwa penye mzimu. Watu wanatazamana, wanakubaliana kwamba hiyo ni kazi ya mizimu, na kwao mambo yamekwisha. Kisha anatokea Bwana Msa na kiko chake mdomoni, anauliza vitu vya kawaida kabisa: nani alikuwa wapi, nani alimwona nani, nani anapata faida mtu huyu akifa. Raha ya kitabu iko hapo. Sote tunaujua mji ambao habari hufika stendi kabla ya mwenye habari, na kila mtu ana mshukiwa wake kabla chifu hajaitwa. Bwana Msa anasikiliza porojo zote hizo, haidharau hata moja, na haiamini hata moja. Ukimaliza hicho, kuna Kisima cha Giningi, kuna Duniani Kuna Watu, kuna Siri ya Sifuri. Hutaishiwa upesi.

Anayetaka mwendo wa kasi zaidi amtafute Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba. Kufa na Kupona ni risasi, magari, warembo na vita dhidi ya makaburu wa Afrika Kusini. Walimu huziita riwaya pendwa, na baadhi yao hulitamka neno hilo wakikunja pua. Mimi nasema kijana wa bodaboda anayemsoma Musiba chini ya mwarobaini akisubiri abiria ni msomaji kamili. Huyo huyo ukimpa Nagona ya Kezilahabi siku ya kwanza, umempoteza. Nagona ni kitabu cha ajabu, lakini ni cha mtu aliyekwisha kuzoea kupotea ndani ya kurasa.

Sasa vijana wetu. Kwa wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, sijapata kinachoshinda Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952. Najua, jina la Shaaban Robert linawatisha watu, wanadhani ni mawaidha mwanzo hadi mwisho. Mawaidha yamo, ya kutosha. Lakini hebu sikiliza hadithi yenyewe: gavana mwema, anayesifiwa na kila mtu, ana manyani wawili nyumbani, na kila usiku lazima awachape. Kwa nini? Niliwahi kumsomea mpwa wangu wa Gredi ya Saba mpaka hapo, nikafunga kitabu nikanywa chai. Akaniuliza, "Mjomba, hao manyani walikosa nini?" Nikamwambia sijui, labda asome mwenyewe. Akaninunia kidogo, kisha akakichukua.

Kwa walio sekondari, Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Kijana Kongowea anafiwa na mama, anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba ambaye hajawahi kumwona. Kiswahili chake kinateleza, safari yenyewe inakuvuta, na kijana yeyote aliyewahi kupanda basi peke yake na mfuko mmoja wa nguo atamwelewa. Walibora alifariki Aprili 2020, na pengo lake bado liko wazi. Kama ulilazimishwa Kidagaa Kimemwozea chake shuleni ukakichukia, msamehe mwandishi, lawama ni ya mtihani, kisha jaribu hiki.

Ninyi wazazi, msidhani nimewasahau. Mnaogopa riwaya za mapenzi zitawaharibu mabinti. Basi someni ninyi kwanza. Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, na baadaye kikaja kusomeshwa huko huko. Baba yake Rosa ni mkali, anampiga binti kwa ajili ya barua ya mvulana, na haongei naye kabisa. Rosa anapotoka nyumbani kwenda kusoma, hana hata chembe ya ujuzi wa kujilinda, kwa kuwa aliyepaswa kumfundisha alimfundisha woga tu. Ni kitabu kichungu. Ningekuwa na uwezo, kingekuwa cha akina baba kabla ya kuwa cha mabinti.

Na mapenzi matamu je? Hapo ni Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa bado mdogo kwa Bwana Raza, mfanyabiashara anayelingana na baba yake. Anatoroka, anahamia kwa rafiki yake Mwajuma, anaonja taarabu na uhuru, kisha anampenda Denge, kijana anayewindwa na serikali ya kikoloni kwa siasa zake. Shafi hapambi maskini wala hawahurumii kwa mbali. Chumba cha Mwajuma unakiona, na makachero wa Mzungu wanakuchekesha na kukutisha kwa pamoja. Filamu yake iliyoongozwa na Amil Shivji ilitoka 2021, nzuri kwa macho, lakini mazungumzo ya Mwajuma yasome kitabuni. Ukipenda historia kuliko mahaba, mwandishi huyo huyo ana Kuli, kuhusu wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948.

Kuna pia Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobeli mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na mwaka 2022 tukaipata kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Mtoto Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri kufidia deni, anaingia kwenye misafara ya biashara inayokwenda bara, na vita vya wazungu vinakaribia. Nikisoma nawafikiria wazee wa Kisomali waliopigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha wakapewa makao hapa Isiolo. Wajukuu wao wako mjini. Hiyo ni hadithi ya babu zao, imesimuliwa kutoka upande mwingine.

Waliochoshwa na siasa wachukue Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anarushwa angani, anatua kwenye nchi inayojiendesha vizuri kiasi cha kukutia hasira. Mkangi alijua alichokuwa akiandika, kwani mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa enzi za Moi. Na Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahini watoto wetu miaka kadhaa, irudie kwa utulivu. Ridhaa, daktari mzima, amesimama mbele ya majivu ya nyumba yake na jamaa zake, na waliomchomea ni majirani. Katika kaunti hii kuna familia zisizohitaji mwongozo kulielewa hilo.

Sasa kuhusu sisi wenyewe. Kitabu kilichoitangaza Isiolo duniani kinahusu simba: Born Free cha Joy Adamson, cha mwaka 1960, wakati mumewe George alikuwa msimamizi wa wanyamapori akiishi hapa. Si riwaya, na humo watu wa hapa tuko pembeni, simba ndiye bibi harusi. Kwa anayesoma Kiingereza na asiyeogopa kitabu kigumu, afadhali Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor. Kijana anauawa kwa risasi Nairobi wakati wa fujo za uchaguzi wa 2007, na mwili wake unaletwa kwao kaskazini, kwenye nyumba iliyojengwa juu ya siri za ukoloni. Vumbi la kule unalijua. Na mabinti waliomaliza shule wamtafute Ebla wa Nuruddin Farah katika From a Crooked Rib, ya 1970: msichana wa wafugaji wa ngamia anayetoroka kwa sababu anaozwa mzee asiyemtaka. Lakini riwaya ya Isiolo yenyewe, yenye akina mama wa maziwa ya ngamia, yenye Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wakigombana asubuhi na kukopeshana jioni, hiyo bado naisubiri. Kama unaiandika, harakisha.

Utaniuliza, vitapatikana wapi? Maduka yetu ya vitabu yanauza madaftari na vitabu vya shule, kwa kuwa ndivyo tunavyovinunua. Muulize mwenye duka kwa jina la kitabu, na umwachie kitu kidogo cha kumwonyesha huna mzaha. Anapoagiza mzigo Nairobi, kitapanda basi pamoja na vingine. Bei ikiwa nzito, changeni watu wanne, kila mmoja achague cha aina yake, mpelelezi, mapenzi, historia, cha watoto, kisha mbadilishane kila mwezi. Andikeni majina ya wakopaji kwenye jalada la ndani, kwa kalamu ya wino. Nasema hivyo kwa sababu Vuta n'kuvute yangu ilitoka nyumbani zamani, na anayekaa nayo najua ananisikiliza saa hii.