Pumba Peke Yake Hazimkuzi Nguruwe

Wengi wetu wafugaji, nguruwe akishaachishwa kunyonya tunamlisha pumba za mahindi tu, kisha tunashangaa mbona amedumaa. Pumba humpa nguvu, lakini nguruwe anayekua anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18.

Chanzo kimoja cha protini hiyo ni mashudu ya alizeti, yanayopatikana kwa wingi Singida na Dodoma. Tatizo lake ni upungufu wa laisini, kirutubisho cha protini ambacho nguruwe hukikosa kwanza. Ndiyo maana tunachanganya na soya au dagaa. Soya ikaangwe kwanza! Ikiwa mbichi huzuia mmeng'enyo wa protini, na hapo umetupa pesa. Dagaa waondoe wiki chache kabla ya kuchinja, la sivyo nyama itanuka samaki, na mteja hatarudi.

Ongeza chokaa ya mifugo, chumvi kidogo, na premiksi ya vitamini na madini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Maji yasikosekane, chumvi bila maji humuua nguruwe.

Na makombo ya hotelini? Yachemshe vizuri, na yenye nyama ya nguruwe usiyaingize bandani kabisa. Yanaweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba.