Mtenda Amekwenda Wapi? Usemi wa Baraza la Usalama na wa Vyombo vya Habari Kuhusu Rwanda, 1994



Mada niliyopangiwa ni pana: uchanganuzi wa usemi katika siasa za kimataifa na vyombo vya habari. Nimeipunguza kwa makusudi. Nitakaa kwenye miezi michache ya mwaka 1994, na zaidi kwenye aya chache za maandishi ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda. Hoja yangu ni moja. Anayetaka kujua dola zimejiandaa kufanya nini asikimbilie kuhesabu maneno makali; atazame kwanza sentensi zao zimempa nani kitenzi.

Nadharia nitaipitia haraka, maana wengi mmeisoma. Michel Foucault mwaka 1969 alituuliza kwa nini, kati ya yote yanayoweza kusemwa, yanasemwa haya na si mengine. Edward Said mwaka 1978 alionyesha jinsi maarifa ya Ulaya kuhusu Mashariki yalivyokwenda sambamba na utawala wake huko. Teun van Dijk aliipeleka kazi hii kwenye habari za magazeti, Norman Fairclough kwenye lugha na mamlaka. Katika taaluma ya uhusiano wa kimataifa David Campbell aliandika mwaka 1992 kuhusu sera ya nje ya Marekani, na Lene Hansen mwaka 2006 kuhusu vita vya Bosnia. Wanatofautiana kwa mengi, lakini wanakubaliana kwamba lugha haiji baada ya sera ili kuipamba. Sera yoyote inahitaji kwanza maelezo ya tatizo. Ukieleza kuwa kuna vita vya wenyewe kwa wenyewe, dawa yake ni usuluhishi. Ukieleza kuwa serikali inaua raia wake, usuluhishi hauingii akilini.

Hapa niseme jambo linalonikera kidogo. Tunapokea tasnifu zenye sura nzima, ndefu, kuhusu Foucault, halafu matini yenyewe inachambuliwa kwa kurasa chache mwishoni, na hitimisho linakuwa kwamba vyombo vya Magharibi vina upendeleo. Hilo lilijulikana kabla ya utafiti kuanza. Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge walichunguza magazeti ya Norway yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Cuba na Cyprus, wakachapisha matokeo yao mwaka 1965. Walihesabu na kupanga habari kwa makundi, na kazi yao bado ina thamani. Ila kuhesabu kunatuambia Kongo imetajwa mara ngapi. Hakutuambii Wakongo wamepewa kufanya nini ndani ya habari hizo.

Sasa tuingie kwenye matini.

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyombeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakitoka kwenye mkutano wa Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali. Mauaji, hasa ya Watutsi, yalianza usiku ule. Kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR, kilikuwa na askari wapatao 2,500 chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Wanajeshi kumi wa Ubelgiji waliuawa tarehe 7 Aprili, na Ubelgiji ikaamua kuondoa kikosi chake. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likapitisha Azimio namba 912, lililokipunguza kikosi hadi watu wapatao 270.

Soma utangulizi wa azimio hilo polepole. Baraza linasema limeshtushwa na tukio la kusikitisha lililosababisha vifo vya marais wawili. Kisha linasema limetishwa na ghasia kubwa zilizofuata, ambazo zimesababisha vifo vya maelfu ya raia wasio na hatia, wakiwemo wanawake na watoto. Mbele kidogo linalaani ghasia zinazoendelea, hasa Kigali, ambazo zinahatarisha maisha ya raia.

Maneno si baridi. Baraza limeshtuka, limetishwa, limelaani. Anayehesabu hisia atasema azimio ni kali. Lakini mtafute muuaji, humpati. Tukio linasababisha vifo. Ghasia zinafuata. Ghasia zinasababisha. Ghasia zinahatarisha. Katika aya zote hizo ghasia ndizo zenye mikono na miguu, na binadamu wanaotajwa ni wale waliokufa au waliokimbia. Viumbe pekee wenye uwezo wa kuamua jambo ni "pande" mbili, na wanachoombwa ni kukubaliana kusitisha mapigano. UNAMIR inapewa kazi ya kuwa mpatanishi kati yao.

Sasa mweke ndani ya sentensi hizo Mtutsi aliyesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani Nyamirambo, Kigali. Yeye si upande. Hana jeshi, hivyo hana mapigano ya kusitisha. Sarufi ya azimio haina kiti chake. Na ile 270, ambayo baadaye ilionekana kama wendawazimu, inaafikiana kabisa na maelezo yaliyotangulia, maana wapatanishi hawahitaji kuwa 2,500. Michael Barnett, aliyefanya kazi katika ujumbe wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa wakati huo, aliandika kitabu mwaka 2002 akieleza jinsi watu wa makao makuu ya Umoja huo New York walivyoona uamuzi wao kuwa wa busara na hata wa kimaadili. Kitabu hicho kinafaa kusomwa pamoja na azimio lenyewe, kwa sababu kinatuzuia tusidhani kwamba kila sentensi isiyo na mtenda imeandikwa na mtu mwovu.

Kuna tahadhari ya kisarufi pia. Kukosekana kwa mtenda si kosa kila mara. Nani aliitungua ndege halikuwa jambo lililojulikana, na Baraza lilifanya sawa kusema "tukio". Kwenye vizuizi vya barabarani hali ilikuwa nyingine. Tarehe 8 Aprili Dallaire alikuwa amekwisha kuripoti New York kwa telegramu kwamba kampeni ya ugaidi ilikuwa imepangwa na inaendeshwa kwa makusudi, akiwataja Walinzi wa Rais. Mtenda alikuwemo kwenye telegramu ya Kigali. Alipotea kati ya telegramu hiyo na azimio. Mchambuzi anapoweka matini mbili namna hii bega kwa bega ndipo anapata ushahidi. Akiwa na matini moja tu, ana shaka.

Kisa cha neno "mauaji ya kimbari" kinajulikana, kwa hiyo nitakitaja kwa kifupi. Mwishoni mwa Aprili Colin Keating wa New Zealand, aliyekuwa rais wa Baraza mwezi huo, alitaka tamko linalolitumia neno hilo. Baada ya mabishano marefu, tamko la tarehe 30 Aprili lilitoka na maana ya neno kama ilivyo katika Mkataba wa mwaka 1948, yaani kuua watu wa kabila kwa nia ya kuliangamiza lote au sehemu yake, bila jina lenyewe. Waraka wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa tarehe 1 Mei ulionya kwamba kulikiri neno hilo kungeweza kuilazimisha serikali kufanya kitu. Na tarehe 10 Juni msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje, Christine Shelley, aliulizwa na mwandishi wa Reuters ni vitendo vingapi vya mauaji ya kimbari vinavyohitajika ili yawe mauaji ya kimbari, naye hakuwa na jibu.

Watafiti wengi wanasimama hapo. Mimi nadhani macho yetu yamekazwa mno kwenye neno. Tarehe 8 Juni, siku mbili kabla ya Shelley kuulizwa, Azimio namba 925 lilikuwa limekwisha kulikubali. Lilisema kuna taarifa zinazoonyesha kwamba vitendo vya mauaji ya kimbari vimetokea Rwanda. Vimetokea! Neno liliingia mlangoni, mtenda akabaki nje. Kama neno peke yake lingekuwa na nguvu tunayolipa, siku ile mambo yangebadilika.

Magazeti makubwa ya Marekani na Uingereza nayo, katika wiki za mwanzo, yalijaa makabila yanayopigana, vurugu na kuporomoka kwa utawala. Sababu mojawapo ilikuwa ya kawaida kabisa: wageni walihamishwa Kigali, na waandishi wengi waliokuwa wakiripoti Afrika walikuwa Afrika Kusini kwa uchaguzi wa mwisho wa Aprili. Hali ilibadilika wakimbizi walipovuka mipaka. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 waliingia Ngara, Tanzania, kupitia Rusumo kwa muda wa takriban saa 24. Mwezi Julai umati mkubwa zaidi uliingia Goma, Kongo, kipindupindu kikawashika, na kamera zikafika kwa wingi. Ndani ya siku chache Marekani ilikuwa na operesheni kamili ya ndege, maji na chakula. Msomaji wa usemi anapaswa kuuliza kwa nini vifaa vilivyokosekana Aprili vilipatikana Julai. Sehemu ya jibu ni kwamba sentensi ya Julai haikuhitaji adui. Kipindupindu kinaua, nasi tunaokoa. Kwamba ndani ya kambi hizo walikuwemo waliopanga mauaji lilikuwa jambo gumu kuingiza kwenye picha ya mtoto mgonjwa.

Hata kwenye kuomba radhi sarufi haikubadilika sana. Bill Clinton alipokwenda Kigali tarehe 25 Machi 1998 alikiri kwamba uhalifu huo haukuitwa kwa jina lake mapema. Ila katika hotuba hiyo hiyo alisema watu kama yeye, waliokaa maofisini, hawakutambua vya kutosha kina na kasi ya jinsi Wanyarwanda walivyokuwa wakimezwa na hofu kuu isiyofikirika. Hofu ndiyo iliyomeza. Na wenye ofisi wamepewa kitenzi cha akili, kutotambua, mahali ambapo nyaraka zinaonyesha kitenzi cha uamuzi.

Wakati New York ilikuwa ikimfuta mtenda, redio ya RTLM ya Kigali, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, ilikuwa na watenda tele. Ilichofanya ni kubadilisha nafasi: anayewindwa akasimuliwa kuwa ndiye anayekuja kuua, na kuua kukaitwa kazi. Mwanahistoria Alison Des Forges alieleza waraka uliopatikana Butare unaofundisha mbinu hiyo waziwazi, kumsingizia adui kile unachokusudia kumtendea. Mahakama ya kimataifa kuhusu Rwanda, iliyokaa Arusha, ilibidi isikilize maneno haya moja moja. Wataalamu wa isimu walitoa ushahidi mahakamani kuhusu maana za maneno ya Kinyarwanda, na hukumu ya kesi ya vyombo vya habari ya tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti. Mahakama ya Rufani mwaka 2007 iliondoa baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, ikichora mstari kati ya matangazo ya kabla na ya baada ya tarehe 6 Aprili. Wanasheria walitaka kujua kauli ilielekeza nini, kwa nani, lini. Sisi mara nyingi tunaridhika na kusema kauli ina chuki.

Na kuna mpaka ambao mbinu yetu haivuki. Matini haiwezi yenyewe kuthibitisha athari yake. Scott Straus mwaka 2007 alipinga dhana kwamba redio ndiyo iliyowasukuma Wanyarwanda wengi kuua. Wengi walisukumwa na majirani, viongozi wa mahali na shinikizo la ana kwa ana. David Yanagizawa-Drott mwaka 2014, akitumia ramani za mawimbi ya RTLM, alikadiria kwamba karibu asilimia 10 ya ushiriki ilitokana na matangazo. Atakayeandika kwamba redio ilisababisha mauaji, kwa kusoma matangazo tu, amevuka mpaka huo bila pasi.

Vyumba vyetu vya habari vya Kiswahili navyo havijasalimika. Tazama kitenzi tunachokipenda: kuzuka. Mapigano yazuka, ghasia zazuka, machafuko yazuka. Yanazuka kama uyoga, hayana mwenyewe. Mauaji ya Kenya ya mwaka 2007 na 2008 nayo yalipata jina lao rasmi, ghasia za baada ya uchaguzi, linalotuambia ni lini na kunyamaza kuhusu nani. Mhariri anayetafsiri habari ya shirika la kimataifa saa tatu usiku hana muda wa kumtafuta mtenda; anaipokea sentensi na uvungu wake.

Je, akitajwa mtenda mambo hubadilika? Kongo inatupa jaribio gumu. Azimio namba 2076 la Novemba 2012, baada ya waasi wa M23 kuingia Goma, lilizungumzia msaada kutoka nje bila kutaja nchi. Azimio namba 2773 la tarehe 21 Februari 2025, baada ya M23 kuuteka tena mji huo, lilitaja jeshi la Rwanda kwa jina na kulitaka liache kuwasaidia waasi na kuondoka. Kigali ilikuwa na usemi wake, wa hatua za kujilinda na wa tishio la FDLR, kundi lenye mizizi kwa wahusika wa mauaji, unaorudi moja kwa moja kwenye 1994. Mtenda alipatikana, kwa kura zote 15. M23 haikuondoka Goma kwa sababu ya sentensi hiyo.

Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba sarufi ya azimio inatosha kutabiri kitakachofuata. Sentensi isiyo na mtenda mwaka 1994 ilifunga mlango; yenye mtenda mwaka 2025 iliufungua, na hakuna aliyelazimika kupita. Kinachotakiwa sasa ni mtafiti atakayechukua rasimu za maazimio hayo mawili ya Kongo, hotuba za mabalozi siku ya kura, na habari za Kiswahili za Dar es Salaam, Nairobi na Bukavu za wiki hizo hizo, aone jina lilivyosafiri na lilidondoka wapi. Nyaraka za kesi za Rwanda ziko hapa kwetu, kwenye hifadhi ya mahakama iliyorithi kazi za ile ya Arusha. Za Kongo tungali nazo kwenye simu zetu.