Betri mpya, ugonjwa wa zamani

Wiki hii naomba tuzungumzie ugonjwa usio na wodi, ingawa wagonjwa wake tunawaona kila asubuhi hapa Manyamanyama na mjini Bunda kwa ujumla. Nazungumzia magari madogo ya Kijapani ambayo umri wake umekwenda na umeme wake umeanza kugoma.

Malalamiko ya wenye magari haya yanafanana kama mapacha. Mmoja atakwambia jana jioni aliegesha gari likiwa salama, asubuhi akageuza ufunguo likanyamaza kimya. Wa pili, taa zake hufifia kila akikanyaga breki. Wa tatu ana waipa zinazofanya kazi siku ya jua tu, mvua ikinyesha zinalala. Wa nne, kioo cha dirisha kimeshuka na hakitaki kupanda. Wa tano, taa nyekundu ya betri imewaka kwenye dashibodi tangu Pasaka, naye ameizoea kama saa ya ukutani. Na wote humalizia kwa kauli moja: "Haya magari ya Mjapani ni mabovu tu."

Mimi nasema hukumu hiyo imetolewa mapema mno. Ni kweli magari yamezeeka. Lakini katika malalamiko mengi niliyoyasikia, uzee ni shahidi tu. Mshtakiwa mwenyewe ni mtindo wetu wa kutengeneza gari kwa kubahatisha.

Tuanze na huo umri. Toyota Vitz za kwanza zilitoka mwaka 1999. Probox na IST zilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Kwa hiyo gari la mwaka 2003 linalobeba watu leo kati ya Bunda na Nyamuswa limepita miaka 20. Kule Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa linapotimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama zake. Wengi huona heri kuliuza. Na kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani ukiwa kulia, gari hilo linatufaa bila kubadilishwa kitu.

Majirani zetu wameweka mipaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, tangu mwaka 2018, imezuia yaliyozidi miaka 15. Sisi Tanzania hatukufunga mlango, tunatoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Simlaumu anayelinunua. Kwa mwalimu, kwa muuguzi, kwa mchuuzi wa samaki wa Kibara, hilo ndilo gari analolimudu, na bila hilo angebaki kusubiri lifti barabarani.

Sasa, uzee unafanya nini kwenye umeme wa gari? Plastiki inayofunika nyaya hukauka kwa joto la injini na kupasuka. Vumbi la barabara zetu na unyevu wa masika huingia kwenye maungio, na shaba huota kutu ya kijani. Panya, ambao katika nyumba yenye ghala la mahindi hawakosekani, hupanda juu ya injini yenye joto usiku na kutafuna nyaya. Kisha kuna ule waya mnene mweusi unaotoka kwenye upande hasi wa betri na kufungwa kwenye bodi la gari, mafundi huuita "ethi". Umeme wote wa gari lazima urudi kwenye betri kupitia hapo. Ukilegea au ukishika kutu, kila kitu huumwa: stata, taa, honi, waipa, na hata kompyuta ya injini.

Hayo ni ya uzee. Yapo pia ya mikono yetu, na hapa redio yenyewe imo katika kesi. Redio ya gari la Kijapani la miaka ile imetengenezwa kwa masafa ya kwao, ambayo huanzia megahezi 76 na kuishia 90. Vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo mtu akinunua gari, kazi yake ya kwanza ni kutafuta kijana wa kumfungia kiboksi cha kuongeza masafa, au kumwekea redio nyingine, ili apate taarifa ya habari na mpira. Nashukuru kwamba mnatusikiliza. Lakini je, kijana yule alikata waya gani, na aliunga kwa nini? Mara nyingi aliunga kwa kusokota na kufunika kwa utepe, ambao baada ya mwaka mmoja wa joto huachia. Ongeza kengele ya wizi, taa za mapambo, spika kubwa za nyuma, na mahali pa kuchajia simu sita za abiria. Waya uliopangiwa mzigo mmoja sasa unabeba minne.

Jirani yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, gari lake lilianza kugoma asubuhi. Fundi wa kwanza aligeuza ufunguo mara mbili, akatikisa kichwa: "Mwalimu, betri imekufa." Betri mpya, zaidi ya laki moja. Gari liliwaka vizuri siku tisa, ya kumi likarudia mgomo wake. Fundi wa pili akasema altaneta haichaji. Ikaagizwa kutoka Mwanza, ya mtumba, ikafungwa. Wiki mbili baadaye mwalimu anasukumiwa gari tena na wanafunzi, bure tu, kwa sababu gari lenyewe ni la otomatiki, na magari ya namna hiyo hayawaki kwa kusukumwa.

Fundi wa tatu alikuwa mzee wa makamo, hana gereji, ana mti na benchi. Nilikuwepo. Hakufungua boneti kwa kishindo. Alitoa mita yake ndogo ya umeme, akasema, "Mwalimu, shikamana na ufunguo, ukisikia nasema piga stata, piga." Akapima betri ikiwa imepumzika: volti 12.6. Nzima. Akaweka ncha moja ya mita kwenye upande hasi wa betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akasema piga. Mita ikasoma karibu volti 3. "Hapa pasizidi nusu volti," akasema. "Umeme wako unapotelea njiani." Akafuata ule waya mweusi mpaka kwenye boliti yake. Kutu ya kijani. Akafungua, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akapaka grisi, akakaza. Gari likawaka kama limetoka meli jana.

Kwa nini basi betri mpya ilisaidia siku tisa? Mzee akaeleza: betri yenye nguvu husukuma umeme hata kwenye njia mbovu, na wakati wa kubadilisha waya zilitikiswa zikagusana vizuri kidogo. Ugonjwa ulijificha, haukupona.

Yote yalichukua dakika ishirini, na mzee akaomba shilingi elfu tano. Mwalimu akashangaa: "Fundi, elfu tano kwa kufuta kutu?"

Msikilizaji, hapo ndipo penye mzizi wa maneno yangu ya leo. Fundi aliyesema "betri" alipata faida kwenye betri. Aliyesema "altaneta" alipata chake kwenye altaneta. Aliyepima na kuupata ugonjwa, akaokoa laki kadhaa, ndiye aliyeonekana ghali. Sisi tunakubali kulipia chuma, hatukubali kulipia maarifa. Basi mafundi nao wamejifunza kutuuzia chuma. Unategemea nini?

Ukienda hospitalini hapa Manyamanyama na homa, hutarajii kupewa dawa ya malaria kwa kutazamwa usoni. Unatolewa damu kwanza, kwa sababu homa si malaria peke yake. Gari lisilowaka nalo si betri peke yake.

Vipimo vyenyewe havihitaji chuo kikuu. Betri iliyopumzika usiku kucha isome volti 12.6 au karibu na hapo. Ikisoma 12 kamili, imeishiwa. Washa injini: mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12, altaneta haichaji, au mkanda wake umelegea. Ikipita 15, kidhibiti cha chaji kimeharibika na betri inachemshwa. Ikiwa vyote viwili ni vizuri lakini kila asubuhi betri iko chini, kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limelala, na mara nyingi ni ile kengele au ile redio iliyofungwa na kijana wetu. Mita ya kawaida ni rahisi kuliko betri kwa mbali sana.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia hofu zaidi ya hasara ya fedha, nalo ni moto. Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe kabla waya haujaungua. Ndiyo kazi yake, ni mlinzi anayekufa mlangoni. Fyuzi ya ampia 10 inapoungua mara mbili, ujumbe ni kwamba kuna waya unagusa bodi au kifaa kinavuta umeme mno. Wapo wanaoitoa na kuweka ya 30, au kuviringisha karatasi ya pakiti ya sigara. Hapo mlinzi amefukuzwa. Safari nyingine kitakachoungua ni waya, nyuma ya dashibodi, na abiria wamo ndani. Vivyo hivyo kwa taa: balbu ya wati 55 huvuta ampia chini ya 5, ukiweka ya wati 100 ili upate mwanga mkali inavuta zaidi ya 8, kwenye waya na soketi zilezile za miaka 20.

Hata watengenezaji wenyewe hukumbwa na kasoro. Oktoba 2012, kampuni ya Toyota iliyaita magari milioni 7.43 duniani kote kwa sababu ya swichi kuu ya vioo vya umeme iliyo kwenye mlango wa dereva. Grisi haikupakwa sawasawa ndani yake, swichi ikawa inakwama na ingeweza kutoa moshi. Mwaka 2015 yakaitwa mengine milioni 6.5 kwa tatizo la swichi hiyohiyo. Orodha ya Japani ya mwaka 2012 ilikuwa na Vitz na IST. Kampuni ilionya pia kwamba mtu akipulizia vilainishi vya madukani ndani ya swichi inayokwama, inaweza kuyeyuka na kuleta moto. Nani kati yetu hajaona swichi ya kioo ikipuliziwa mafuta ya kopo ili "ilainike"? Barua ya wito ilikwenda kwa mwenye gari wa Osaka, haikufika Bunda. Lakini namba ya chesisi ipo, na unaweza kuiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji, au ukamwomba kijana wako mwenye simu akusaidie, kabla hujamlipa muuzaji.

Na fikirini barabara yetu. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na mpakani Sirari inapita hapa Bunda. Malori mazito yanapita usiku. Kule Ndabaka barabara inaambaa na hifadhi ya Serengeti, na nyumbu au pundamilia hasubiri utafute tochi. Gari linalozimika taa ghafla mahali kama hapo, likiwa na watu saba ndani ya nafasi ya wanne, halina tena nafasi ya kulalamika.

Nini kifanyike? Kwa mwenye gari: usinunue kipuri cha umeme kabla hujaonyeshwa namba kwenye mita, na ulipie kipimo hicho kwa moyo mweupe hata kama ugonjwa umekutwa ni kutu. Dai risiti, na uandike kwenye daftari nini kilibadilishwa na lini. Bila karatasi, hata Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji, haitakuwa na pa kushika.

Kwa mafundi: wekeni bei ya kupima, muibandike ukutani, mtoze bila aibu. Na waya uungwe kwa risasi, au kwa kiungio kinachostahili. Vyuo vya VETA, ambayo sheria yake ni ya mwaka 1994, hufundisha ufundi wa umeme wa magari. Vijana wetu wa chini ya miti wana mikono mizuri. Wakipata kozi fupi ya kusoma mita na kusoma kompyuta ya gari, mji mzima utanufaika.

Na kwa sisi wote tunaopanda magari haya: ukiona taa ya betri imewaka kwenye dashibodi na jua linazama, muulize dereva kwa upole. Una haki ya kuuliza, na una haki ya kushuka.

Waliotutangulia walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi naongeza kwamba anayetibu bila kupima naye ameyaficha, kwa gharama kubwa zaidi.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaherini.