Simu ya Bei Nafuu, Kutoka Shenzhen Hadi Athi River

Leo tunaifuata historia ya simu ya bei nafuu, ambayo sura yake mojawapo imeandikwa hapa Ukambani.

Mwaka wa 2006, Zhu Zhaojiang, Mchina aliyekuwa muuzaji wa simu za kampuni ya Bird, alianzisha kampuni ya simu ya Tecno, iliyokua ikawa Transsion ya Shenzhen. Chapa yake ya Itel ilifuata mwaka wa 2007, mwaka ambao M-Pesa ilianza. Zhu aliigeukia Afrika na kuchunguza maisha yetu. Watu walimiliki laini mbili ili kukwepa gharama ya kupigia mtandao mwingine, basi akauza simu ya laini mbili. Vijiji havikuwa na stima, basi akaweka tochi na betri inayokaa siku kadhaa.

Wa Kitui Kusini mnalielewa hili kuliko mhandisi yeyote. Simu ikizima, inabebwa hadi sokoni na kuachwa dukani ichajiwe kwa malipo, na mwana aliye Mombasa akituma karo siku hiyo, mama hapati habari. Ndiyo maana kabambe, yaani simu hiyo ya kawaida yenye tochi na betri ya kudumu, ilipendwa, na ndiyo maana wengi wanaikumbatia hadi leo.

Simu janja zilikuja kwa kishindo mwaka wa 2011, Ideos ya Huawei ilipouzwa kwa takriban shilingi 8,000.

Kisha, Oktoba 30, 2023, Rais William Ruto akafungua kiwanda cha EADAK mjini Athi River, kaunti jirani ya Machakos. Ni ubia wa Safaricom, Jamii Telecommunications na wenzao wa Uchina. Kilizindua Neon Smarta kwa shilingi 7,499 na Neon Ultra kwa 8,999, zote za 4G. Vipuri hutoka nje na kuunganishwa pale. Naliheshimu sana jambo hilo, kwa sababu ujuzi wa mikono huanzia hapo. Lakini kwa mkulima wa ndengu aliyenyimwa mvua ya Novemba, 7,499 ni pesa nyingi mno. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ulioanza 2020 kwa shilingi 20 kwa siku, ulimsogeza karibu na simu janja kuliko punguzo lolote la dukani.

Wewe uliye Ikutha au Kibwezi na unatumia Neon, tutumie ujumbe: ukiichaji leo asubuhi, betri inakufikisha lini?