Shule Imefunguliwa, Mtoto Abaki na Nani?

Takwimu za 2022 zinaonyesha kwamba Tanzania, kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamewahi kupata mimba. Kenya walikuwa 15. Serikali haziwafungii tena shule: Kenya iliwaruhusu warudi tangu 1994, Zanzibar 2010, na Tanzania Bara Novemba 2021. Lakini waraka wa wizara haulei mtoto. Kichanga cha miezi minne hunyonya kila baada ya saa chache. Mama yake akiondoka alfajiri na kurudi alasiri, kifua kinajaa na sare inalowa maziwa mbele ya wenzake, huku bibi aliyeachiwa mjukuu akilazimika kufunga genge lake la nyanya. Tanzania ilifuta ada ya sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, mwaka 2016. Nauli, sare na ujira wa dada wa kulea havikufutwa. Kinachomrudisha binti nyumbani leo ni gharama hizo ndogondogo, na hizo sisi tunaoishi Uingereza tunazimudu.

Wapo watakaosema kumsaidia ni kuwafundisha wadogo zake tabia mbaya. Hofu hiyo ina msingi wa malezi, lakini tutazame nchi tunayoishi. England ilianzisha mkakati wa kupunguza mimba za utotoni mwaka 1999, na ndani yake wazazi vijana wakasaidiwa waendelee kusoma. Mpaka leo, mpango wa Care to Learn huwalipia walio chini ya miaka 20 gharama za malezi ya mtoto wanapokuwa darasani. Kufikia 2014, kiwango cha mimba za walio chini ya miaka 18 kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya nusu tangu 1998. Sidai kwamba malipo hayo ndiyo yaliyozipunguza. Yalikuwepo pia mafunzo ya afya ya uzazi na huduma za uzazi wa mpango. Inatosha kwamba msaada ulipokuwepo, mimba hazikuongezeka.

Wengine watauliza: baba wa mtoto yuko wapi? Ni swali la haki, na awajibike. Ila Tanzania anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, hivyo wengi hukimbia au familia humalizana kimyakimya. Akisakwa na asakwe. Mtoto anahitaji uji leo.

Ndugu zangu, kwenye harusi na misiba tunachangishana bila kusukumwa. Lakini habari ya mimba ikifika kwa simu, jambo la kwanza ni lawama, la pili ni kukata pesa ya shule. Naomba tugeuze desturi hiyo. Usikate pesa ya shule. Ongeza ya mlezi.